Imani Ikichakaa, Yafanywaje Mpya?



Huenda mmoja wenu atauliza: Kwa nini tufundishwe juu ya imani iliyochakaa, sisi ambao hatujabatizwa bado? Imani yetu ni changa kama jani lililochipua jana. Ni ulizo jema, nami nataka kulijibu mara moja. Mtu anayejenga nyumba hangojei mvua imnyeshee kitandani ndipo ajifunze kuezeka. Tena, ninyi mnakaa kijijini pamoja na Wakristu wa zamani. Mnawaona Jumapili, na mnawaona Jumatatu vilevile. Mmekwisha kuona kwamba wako waliobatizwa miaka thelathini iliyopita, wanaojua sala zote kwa moyo, na ambao jirani zao hawathubutu kuwakopesha hata jembe. Tusifiche jambo hilo. Mkatekumeni akiliona wala asielezwe, hujieleza mwenyewe, na mara nyingi hujieleza vibaya. Husema: Ubatizo hauna nguvu.

Ubatizo una nguvu. Lakini Mungu hakutubatiza kama mtu apakavyo mlango rangi. Alitupa uzima, na kitu chenye uzima hakina budi kulishwa, kisipolishwa hudhoofika.

Imani ya Kanisa letu la Kisangani si ya juzi. Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alianzisha hapa misioni ya Mtakatifu Gabrieli mwishoni mwa mwaka 1897. Tangu siku zile imepita miaka zaidi ya 125. Wako watu katika jimbo letu ambao babu wa babu zao walibatizwa. Waliipokea imani pamoja na jina, pamoja na maziwa ya mama. Hiyo ni neema kubwa, wala asiwepo wa kuidharau. Walakini kitu cha urithi chaweza kutundikwa ukutani, kama mkuki wa babu. Watoto wanajua ni wa nani, wageni wanaonyeshwa, wala hakuna aliyekwenda nao kuwinda tangu mzee alipofariki.

Mmewaona Wagenya kwenye maporomoko ya Boyoma. Huisimamisha miti mikubwa kati ya mawe, penye maji makali, wakaifunga kwa kamba za msituni, kisha hutundika vikapu vyao vikubwa vyenye mdomo mpana ili mto wenyewe ulete samaki. Sasa fikirini kikapu kimoja ambacho kamba zake zimeoza chini. Miti imesimama imara. Kikapu kinaonekana. Mtu apitaye ng'ambo atasema: Huyu mvuvi ana mtego mzuri. Samaki huingia kwa juu na kutoka kwa chini, na mwenye mtego hulala njaa. Imani iliyochakaa ni hivyo. Jina la Ubatizo lipo, medali ipo shingoni, Misa ya Jumapili ipo, na neema ya Mungu yaingia kila juma na kutoka pale pale palipotoboka.

Basi, angalieni vema: imani haichakai kwa sababu ya miaka. Wako wazee wa miaka themanini ambao imani yao ni mbichi kuliko yenu. Tena haichakai, kwa kawaida, kwa sababu mtu amemkana Mungu. Ni wachache sana wanaosimama na kusema: Simwamini tena. Yachakaa kwa sababu ya kitu kimoja ambacho mtu amekubali kuishi nacho. Alimdhulumu ndugu yake mpaka wa shamba. Alichukua mke wa pili kwa siri mjini. Alikula pesa ya kikundi cha akina mama. Mwanzoni moyo ulimchoma. Alikusudia kutengeneza jambo hilo kabla ya Pasaka. Pasaka ikapita, na Noeli ikapita, na moyo ukanyamaza. Tangu siku ile moyo uliponyamaza, sala zake zimekuwa kama maneno ya mtu anayezungumza na mwenye nyumba huku akificha nyuma ya mgongo kitu alichoiba humo humo nyumbani. Atasema nini? Atasema machache, na kwa haraka.

Mtu wa namna hiyo huona mwenyewe kwamba imani yake imekosa ladha, naye hutafuta dawa. Mara nyingi hutafuta mahali pasipo na dawa. Huanza novena mpya. Hubadili kwaya. Huvuka barabara kwenda kusali usiku kucha penye ngoma kubwa na wahubiri wenye sauti kali, akirudi asubuhi amechoka na kufurahi, na kabla ya mwezi kuisha ladha imepotea tena. Silaumu novena, na kuimba ni kuzuri. Nasema tu kwamba mwenye mwiba mguuni hapati nafuu kwa kununua viatu vipya.

Je, Maandiko Matakatifu yasema nini? Someni pamoja na katekista wenu sura ya pili ya Kitabu cha Ufunuo, mwanzoni kabisa. Bwana analipelekea Kanisa la Efeso barua. Lilikuwa Kanisa lenye bidii. Lilivumilia taabu, na lilichukia mafundisho ya uwongo. Bwana alisifu hayo yote. Kisha akasema kwamba ana neno moja dhidi yao: wameuacha upendo wao wa kwanza. Akawaamuru mambo matatu, wala hakuna katika hayo matatu kulia wala kufanya makelele. Wakumbuke walipoangukia. Watubu. Wafanye tena matendo waliyoyafanya hapo kwanza.

Kumbukeni hasa lile la kwanza. Bwana hasemi wakumbuke kwa jumla kwamba wao ni wakosefu. Hilo ni rahisi, kila mtu hulisema. Anataka wakumbuke mahali. Wapi uliangukia? Siku gani, mbele ya nani, kwa kitu gani? Mtu aliyepoteza ufunguo wake njiani harudi kuutafuta ulimwenguni kote. Hurudi kwa njia ile ile aliyopita.

Tazameni alivyofanyiwa Mtakatifu Petro. Katika Injili ya Yohane, sura ya 18, usiku wa mateso, Petro anasimama akiota moto wa makaa uani kwa Kuhani Mkuu, na hapo anamkana Bwana mara tatu. Katika sura ya 21, Yezu mfufuka anawangoja wanafunzi ufukoni mwa ziwa, naye ametayarisha moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Neno la Kiyunani linalotaja moto huo wa makaa laonekana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, nazo ni hizo mbili. Bwana angaliweza kumsamehe Petro penginepo, kwa maneno machache. Lakini alimrudisha mbele ya moto, akamwuliza mara tatu kama anampenda, kwa kuwa mara tatu alikana. Petro alihuzunika kwa ulizo la tatu. Nadhani alifahamu.

Sasa nataka mwangalie jambo mnaloliona kila mara katika Misa, na ambalo labda hakuna aliyewaeleza. Katika taratibu ya Misa iliyothibitishwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988 kwa ajili ya majimbo ya nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, maungamo ya dhambi hayaji mwanzoni mwa Misa kama ilivyo katika nchi nyingine. Kwanza twasikia Neno la Mungu na mahubiri. Kisha twainamisha vichwa na kukiri makosa yetu, na padri hutunyunyizia maji. Papo hapo, kabla ya vipaji kuletwa altareni, twapeana amani. Ndipo wanakuja wenye mkate na divai, na wengine na mihogo, ndizi na mafuta ya mawese.

Kwa nini mpango huo? Kwa sababu wazee wetu walijua kwamba watu waliogombana hawali pamoja kabla ya neno kusemwa na kumalizika. Na kwa sababu Bwana mwenyewe alifundisha, katika Injili ya Matayo sura ya 5, kwamba anayeleta sadaka yake altareni, akikumbuka huko kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza kupatana na ndugu, ndipo arudi kutoa. Msifikiri basi kwamba kupeana mkono ni salamu tu ya kuchangamsha watu. Ni mlango. Anayempa mkono jirani wa kulia ambaye hana ugomvi naye, na kumkwepa wa kushoto ambaye anamdai, amesimama bado nje ya mlango huo.

Tarehe 1 Februari 2023, Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa katika uwanja wa ndege wa Ndolo, mjini Kinshasa, mbele ya watu zaidi ya milioni moja, akahubiri juu ya amani na msamaha. Siku ile ile alionana na watu walioumizwa vitani mashariki mwa nchi, nao waliweka chini ya msalaba vitu kama vile panga na visu vilivyotumika kuwaua ndugu zao. Wengi wetu tulifuata kwa redio. Mwezi huo huo wa Februari, hapa hapa kwetu, ng'ambo ya kushoto ya mto, katika komuni ya Lubunga, ugomvi juu ya ardhi kati ya Wambole na Walengola uligeuka kuwa mauaji. Nyumba zilichomwa. Maelfu ya watu walikimbia wakavuka mto, wakalala mjini bila kitanda wala sufuria, na ugomvi ulienea katika vijiji vya njiani.

Siandiki hayo ili kuhukumu kabila lolote. Waliouawa walikuwako pande zote mbili, na wenye kuhukumu mambo ya ardhi wako. Naandika kwa sababu wengi, huku na huku, walikuwa watu waliobatizwa. Walikuwa wamepeana amani katika Misa moja. Mkatekumeni anayetaka kujua imani iliyochakaa yafanana na nini, aangalie boriti za nyumba iliyochomwa na mtu anayejua Baba Yetu.

Na je, imani hiyo yafanywaje mpya huko? Si kwa kusahau. Wako wanaosema: Yamepita, tuimbe, tusonge mbele. Lakini mama aliyerudi na kukuta mabati ya nyumba yake juu ya paa la jirani hawezi kuimba vema Jumapili, na huyo jirani hawezi pia, hata kama anapiga ngoma kwa nguvu kuliko wote. Mabati yale yakishuka, na jirani akiyabeba kichwani mwenyewe mchana watu wakiona, Kanisa la kijiji kile litakuwa limehubiriwa fundisho kubwa kuliko lolote ninaloweza kuliandika.

Ndivyo alivyofanya Zakayo. Tunapenda kuwasimulia watoto habari ya mti alioupanda, tukasahau kinywa chake. Luka, sura ya 19, aeleza kwamba alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Ndipo Yezu alisema kwamba siku ile wokovu umeingia nyumbani mwake. Bwana alikuwa amekwisha kumwita kabla hajatoa kitu. Neema ilitangulia. Lakini toba ilijulikana kwa hesabu.

Hata mahakama za wanadamu zajua jambo hili kwa kiasi chake. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana kwa mabomu katikati ya mji wetu. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya maovu yaliyotendwa katika vita vya miaka ile, Kisangani ikiwamo. Malipo hayo ni haki. Lakini mtu aweza kulipa bila kujuta, na hapo amelipa tu. Na upande wetu, mtu akijiandikisha kuwa mwathirika wa vita ambavyo havikumgusa, ili apate pesa ya mjane, huyo ameichukua mali ya marehemu. Atakapokuja kuungama, padri atamwuliza juu ya pesa hiyo, wala hatamwuliza tu kama amehuzunika.

Mtu atasema: Je, kama yule niliyemkosea hataki kunisamehe? Au kama amekufa? Aliyekufa ana warithi, na asiye na warithi, maskini wapo. Na asiyetaka kusamehe, umwombe, umrudishie chake, umwache mikononi mwa Mungu. Wewe hukuamriwa kuufungua moyo wake. Umeamriwa kwenda mlangoni kwake.

Kuna na jambo jingine. Mara nyingine msamaha hututangulia, nasi hatuendi kuuchukua. Mwenye heri Maria Klementina Anuarite Nengapeta, binti wa Wamba aliyezaliwa mwaka 1939, alikuwa sista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Wakati wa vita vya Simba alikamatwa pamoja na masista wenzake, akauawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alikataa kumtolea ofisa mwili wake uliokuwa umewekwa wakfu kwa Mungu. Kabla ya kufa alimwambia mwuaji kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri, na katika mahubiri yake alitamka msamaha kwa mwuaji yule, kwa jina la Kanisa lote. Angalieni: msamaha wa Anuarite ulikuwapo tangu usiku ule wa Isiro. Miaka yote iliyofuata ulikuwa ukingoja mtu. Msamaha wa Mungu hungoja hivyo hivyo. Umekwisha tolewa msalabani, lakini hautungii toba mahali petu.

Sasa ninyi wakatekumeni mfanye nini? Ninyi hamwezi bado kupokea Sakramenti ya Kitubio, maana Ubatizo ndio mlango wa sakramenti zote. Siku mtakapobatizwa, dhambi zenu zote zitaondolewa, ya asili na zile mlizotenda wenyewe, bila kumtajia padri hata moja. Lakini sikilizeni vizuri: maji ya Ubatizo huondoa dhambi, hayafuti deni. Aliyeiba mbuzi akabatizwa, ameondolewa dhambi ya wizi ikiwa amejuta kweli, na mbuzi bado ni wa mwenyewe. Ndiyo sababu Kanisa halina haraka nanyi. Katika Kwaresima ya mwisho kabla ya Ubatizo, Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano, padri atawaombea mbele ya watu wote, ili Mungu aonyeshe kilicho dhaifu mioyoni mwenu akiponye. Msingoje mpaka Jumapili hizo ndipo mwanze kutafuta. Anzeni sasa, mtu mmoja na jambo moja.

Na baada ya Ubatizo, mkianguka, msikate tamaa. Tertuliano, aliyeandika huko Afrika ya Kaskazini yapata mwaka 200, aliifananisha toba na ubao ambao mtu aliyevunjikiwa na chombo majini hushikamana nao apate kuokoka. Sisi watu wa mto twafahamu. Mtumbwi ukipinduka, mwenye akili hatafuti kwanza viatu vyake. Sakramenti ya Kitubio ndiyo ubao ule. Yataka mtu atafute dhambi zake moyoni, azijutie, akusudie kutozirudia, aziungame kwa padri bila kuficha dhambi kubwa yoyote, na atimize malipizi. Tangu Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, Kanisa lilimwamuru kila mwamini kuungama walau mara moja kwa mwaka, na amri hiyo ya kuungama dhambi kubwa ipo hata leo. Walau! Mtu akila walau mara moja kwa mwaka, twamwitaje?

Najua kwamba vijiji vingi humwona padri mara chache, kwa kuwa njia ni mbaya na pikipiki ni moja. Basi siku padri anapofika, watu humzunguka kwa karatasi za ndoa, kwa habari ya bati la kapela, kwa mashauri ya shule, na kiti cha maungamo hukaa tupu mpaka jioni. Ninyi mtakapobatizwa, wekeni kiti hicho mapema chini ya mwembe, mbali kidogo na masikio ya watu, na mmoja wenu awe wa kwanza kukipigia magoti mbele yake. Wa kwanza akienda, wengine hufuata.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA NA KATEKISTA

1. Kwa nini twasema kwamba imani haichakai kwa sababu ya miaka?

2. Bwana aliliamuru Kanisa la Efeso mambo gani matatu? Lipi la kwanza?

3. Moto wa makaa waonekana mahali gani pawili katika Injili ya Yohane, na Petro alifanya nini penye kila moto?

4. Katika Misa ya majimbo ya Kongo, kwa nini twapeana amani kabla ya kuleta vipaji?

5. Mtu aliiba baiskeli, akaiuza, akabatizwa. Afanye nini? Na kama pesa imekwisha?

6. Ulizo hili mtu alijibu peke yake nyumbani, bila kusema kwa sauti: Ni mlango wa nani ambao mimi huukwepa nikipita kijijini?